MAONI – Sarafu za zamani za Congo: mkusanyaji asiyeuliza anabaki na mabaki

Mkusanyaji wa sarafu za zamani anayenunua tu kile kilichowekwa mezani, au kile kilichoandikwa katika orodha ya muuzaji, anakusanya mabaki. Vitu vizuri vimekwisha kuchukuliwa mbele yake, au bado viko nyuma, ndani ya kisanduku ambacho hakuna aliyeomba kifunguliwe. Hili ni kweli Brussels na Paris, na ni kweli zaidi hapa Congo, ambako sarafu nyingi za inchi hazimo katika orodha yoyote. Njia ya kuzifikia haina gharama: ni kuuliza.

Lakini kuuliza kuna uzito wake. Muuzaji akiulizwa leo juu ya kitu ambacho hana, kesho atakitafuta. Swali la mnunuzi ni agizo, hata kama mnunuzi mwenyewe hakukusudia kuagiza. Ndiyo maana wakusanyaji wa Congo wanapaswa kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kuuliza zaidi, na kuuliza vema.

Orodha inaonyesha nini

Anayefungua orodha ya muuzaji wa Ulaya au wa Marekani kwenye jina la Congo anakuta sarafu zinazong'aa: wanyama wa pori, meli, magari, mapapa, wachezaji wa mpira. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa tangu miaka ya 1990 kwa jina la inchi, lakini kwa ajili ya wakusanyaji wa inchi za nje. Hakuna mama muuzaji wa soko la Kadutu mjini Bukavu aliyewahi kumrudishia mteja pesa kwa sarafu hizo. Hazikupita mikononi mwa raia. Zilitoka kwenye mashine zikaingia moja kwa moja katika vijisanduku vya plastiki.

Kwa upande mwingine, pesa ambayo Wacongomani wameitumia kweli haionekani sana katika orodha hizo. Franka ya Congo iliyoanza tarehe 30 Juni 1998 imekuwa pesa ya karatasi; hata sentimu zake ndogo zilichapishwa kama noti. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka huo amekua bila kushika mfukoni sarafu ya inchi yake. Anajua neno tu. Mkaaji wa Lubumbashi au wa Bukavu anaposema kwamba hana makuta, anataja bila kufikiri sarafu iliyoanza mwaka wa 1967, wakati zaire 1 iligawanywa katika makuta 100, na likuta 1 katika sengi 100. Siku hiyo zaire 1 ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Neno limebaki mdomoni, sarafu imepotea.

Imepotea wapi? Nyingi ziliyeyushwa. Sengi 10 yenye picha ya chui na likuta 1 zilikuwa za alumini. Thamani ya pesa ilipoanguka, vipande hivyo vilikuwa na faida zaidi kama chuma cha kutengenezea sufuria kuliko kama pesa. Nyingine zimelala katika masanduku ya bibi na babu, katika makopo ya maziwa, chini ya vitanda. Na nyingine zilikwenda Ubelgiji pamoja na watu walioondoka mwaka wa 1960 na baadaye. Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayopita kwenye orodha ya bei.

Kwa nini muuzaji haweki kila kitu mezani

Wengi wanafikiri kwamba muuzaji ambaye haonyeshi kitu anakificha. Mara nyingi sababu ni rahisi zaidi: hana muda. Kila sarafu inayoingia katika orodha inapaswa kutambuliwa, kupimwa, kupigwa picha pande zote mbili, kuandikiwa maelezo na kupewa bei. Kwa kipande cha dola 100 kazi hiyo inalipa. Kwa kipande cha dola 2 hailipi. Hivyo kipande cha dola 2 kinatupwa katika kisanduku kilichoandikwa "Afrika" na kinabaki humo kwa miaka. Lakini bei ndogo haimaanishi kwamba kitu ni rahisi kupatikana. Sarafu nyingi za Congo ni za bei ndogo kwa sababu hakuna anayeziomba, wala si kwa sababu ziko nyingi.

Sababu ya pili ni kwamba muuzaji mwenyewe hajui alicho nacho. Ananunua mali ya marehemu kwa jumla, kilo kadhaa kwa mara moja, na anachambua kile anachokifahamu: dhahabu, fedha, wafalme wa Ulaya. Kilichobaki kinasubiri mtu anayekijua.

Sababu ya tatu ni wateja wa zamani. Kitu kizuri kikiingia, muuzaji anampigia simu yule aliyekwisha kumwambia anatafuta nini, na kinauzwa mbele ya kuandikwa popote. Anayelalamika kwamba orodha haina kitu kizuri analalamikia, kwa kweli, kwamba jina lake halimo katika daftari la muuzaji. Na jina linaingia humo kwa kuuliza tu.

Mifano ya kile kinachofaa kuulizwa

Mkusanyaji anayetaka kuuliza vema lazima ajue kwanza historia ya pesa ya inchi. Bila hiyo swali lake litakuwa "Una nini cha Congo?", na jibu litakuwa meli na mapapa.

Sarafu za Dola Huru ya Congo ya mfalme Leopold wa Pili zinaanza mwaka wa 1887. Zile ndogo, sentimu 1, 2, 5 na 10, ni za shaba na zina tundu katikati. Zile kubwa, sentimu 50 na franka 1, 2 na 5, ni za fedha na zina kichwa cha mfalme. Muuzaji ataweka ya franka 5 dirishani kwa sababu ni kubwa na ina bei. Zile zenye tundu ataziacha katika kisanduku, hasa zilizochakaa. Lakini kwa historia ya inchi, sentimu iliyochakaa inasema zaidi kuliko franka 5 inayong'aa, kwa sababu uchakavu ni ushahidi kwamba watu waliishika, waliifunga kwa kamba, waliilipa kodi.

Baadaye, chini ya mfalme Albert wa Kwanza, franka 1 na sentimu 50 za Congo ya Wabelgiji zilitengenezwa kwa namna mbili: moja yenye maandishi ya Kifaransa, nyingine yenye maandishi ya Kiflama. Picha ni zile zile: mfalme upande mmoja, mti wa mchikichi upande wa pili. Muuzaji mwenye haraka anaziweka zote pamoja chini ya mstari mmoja, "Congo, franka 1, miaka ya 1920". Mkusanyaji mwenye macho anaandika na kuuliza: je, kati ya hizo kuna ya Kiflama? Swali hilo peke yake linaweza kuongeza kipande kipya katika mkusanyo kwa bei ya kile cha kawaida.

Vita vya pili vya dunia vilipokata njia kati ya Congo na Brussels, sarafu za koloni zilitengenezwa mbali. Franka 2 ya mwaka wa 1943, ya shaba ya manjano, yenye pembe sita na picha ya tembo, ilitoka Philadelphia, Marekani. Franka 50 ya fedha ya mwaka wa 1944, nayo yenye tembo, ilitoka Pretoria, Afrika ya Kusini. Anayemwuliza muuzaji wa Ubelgiji peke yake anasahau kwamba kuna wauzaji pia Marekani na Afrika ya Kusini.

Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960 ilitengeneza sarafu zake mwaka wa 1961, franka 1 na franka 5 za shaba nyekundu, zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande mwingine. Kulikuwa pia franka 5 ya dhahabu. Ile ya dhahabu haikosi katika orodha za minada. Zile za kawaida, ambazo watu wa Lubumbashi na Kolwezi walizitumia kununua unga, ndizo zinazopaswa kuulizwa.

Kuna pia sarafu za majirani ambazo zimefungwa na historia ya Congo. Mwaka wa 1916, katika mji wa Tabora, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa walitengeneza sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli: heller za shaba, na rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, askari Wacongomani wa Force Publique waliingia Tabora. Kwa hiyo heller ya Tabora iliyokutwa katika mali ya mzee wa Congo au katika sanduku la afisa Mbelgiji ina hadithi ambayo katalogi haiwezi kuisema. Na wakaaji wa Uvira, Bukavu na Goma wanaweza kuuliza juu ya franka 1 yenye simba, iliyotolewa kuanzia mwaka wa 1960 kwa Rwanda na Burundi kwa pamoja, mbele ya kila inchi kuwa na pesa yake.

Noti nazo hazipaswi kusahauliwa. Mwaka wa 1993, zaire mpya 1 ilipochukua mahali pa zaire milioni 3 za zamani, Kasai ilikataa pesa mpya na kuendelea na ile ya zamani. Inchi moja ikawa na pesa mbili. Noti ya zamani iliyochakaa inayotoka Mbuji-Mayi au Kananga ni ushahidi wa uamuzi huo wa raia, lakini tu kama muuzaji anaweza kusema kwamba imetoka huko. Katika orodha ni karatasi chafu. Mbele ya mtu anayejua kuuliza, ni ukurasa wa historia.

Namna ya kuuliza

Kuna namna ya kuuliza inayofunga mlango. Mtu anatuma ujumbe mmoja kwa wauzaji 20, anauliza bei ya kila kitu, kisha ananyamaza. Au anapewa bei, anaipeleka kwa muuzaji mwingine ili ampunguzie. Biashara ya sarafu ni ndogo, wauzaji wanafahamiana, na jina baya linasafiri haraka kuliko barua.

Anayeuliza vema anataja kitu chenyewe: mwaka, thamani, lugha ya maandishi, hali anayoikubali, na kiasi anachoweza kulipa. Anaomba picha za pande zote mbili, uzito na upana. Anajibu haraka, hata kama jibu ni kwamba hataki. Ananunua kitu kidogo mara ya kwanza ili muuzaji ajue kwamba analipa kweli. Kisha anaacha orodha fupi ya vitu 5 au 10 anavyovitafuta. Orodha ya vitu 100 haisomwi na mtu.

Uzito unaombwa kwa sababu ya udanganyifu. Sarafu za fedha za Leopold zilifuata kipimo kilichokuwa cha Ubelgiji na Ufaransa wakati huo: franka 5 ina gramu 25 na upana wa milimita 37, franka 2 ina gramu 10, franka 1 ina gramu 5. Kipande cha franka 5 chenye gramu 21 hakihitaji mabishano. Na kipande kinachovutwa na sumaku si fedha. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu, kama ile inayotumiwa katika machimbo ya Kivu na Ituri, inatosha kumwokoa mnunuzi na hasara kubwa.

Kitu kisichokuwa mezani kina faida nyingine: mara nyingi hakijasuguliwa. Wauzaji wengi wanafikiri kwamba sarafu inayong'aa inauzwa vizuri, kwa hiyo wanaisugua kwa limau, kwa majivu, hata kwa mchanga. Wanaiharibu bila kujua. Anayeuliza mapema anaweza kuikuta bado na rangi yake ya zamani, na anaweza kumwambia muuzaji kwa heshima kwamba atalipa zaidi kama zingine zitaachwa hivyo.

Hapa inchini, muuzaji ni nani?

Hayo yote yanaonekana kumhusu mtu mwenye intaneti nzuri na kadi ya benki. Wacongomani wengi hawana njia ya kulipa muuzaji wa Brussels, na barua inayobeba sarafu inaweza isifike. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kuna majibu mawili.

La kwanza ni ndugu walio ng'ambo. Mcongomani anayeishi karibu na Matonge, pale Ixelles, anaweza kuingia katika duka la sarafu siku ya mapumziko na kuomba aone kisanduku cha Afrika. Muuzaji anayesita kujibu ujumbe kutoka mbali hasiti kufungua kisanduku mbele ya mtu aliyesimama dukani. Kila mwaka ndugu hao wanarudi nyumbani na nguo na simu. Sentimu 10 yenye tundu haina uzito katika mzigo.

La pili ni kwamba Congo ina wauzaji wake, hata kama hawajiiti hivyo. Kambiste anayebadilisha dola kando ya barabara, fundi wa vito anayenunua fedha kwa gramu, muuzaji wa vyuma chakavu, mwenye meza ya vinyago karibu na hoteli: wote hao sarafu za zamani zinapita mikononi mwao. Hawaziweki mezani kwa sababu hakuna anayeziuliza. Fundi wa vito akiletewa franka 50 ya tembo, ataiona kama gramu za fedha tu, na jioni itakuwa pete. Swali moja lililoulizwa kwa wakati, "Papa, hauna zingine kwa nyumba?", na ahadi ya kulipa zaidi kidogo kuliko bei ya fedha, vinatosha kuizuia isiingie motoni. Hapa kuuliza kunazuia kitu kisipotee kabisa, na hilo linapita mkusanyo wa mtu mmoja.

Bei nayo iwe ya haki. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2025, wakaaji wa Goma na Bukavu wamejua maana ya kuishi bila benki na kwa noti zilizochanika. Katika hali kama hiyo, familia zinauza kile kilicho ndani ya sanduku. Mtu anayejua thamani ya kipande na anamlipa mama mzee bei ya chuma hawezi kujiita mlinzi wa historia. Anayeuliza anajua zaidi kuliko anayeuzwa kwake, na ujuzi huo unamdai uaminifu.

Swali linaloweza kuharibu

Hapa ndipo jambo zima linapokuwa zito. Pesa ya zamani zaidi ya kusini-mashariki mwa Congo ni msalaba mdogo wa shaba, au mukuba kama wanavyosema Katanga. Karne nyingi mbele ya Leopold, wafuaji wa Katanga waliyeyusha madini na kumimina misalaba hiyo. Uchimbaji wa kitaalamu uliofanywa mwaka wa 1957 na 1958 huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, uliikuta ndani ya makaburi, pamoja na marehemu. Wataalamu walitambua kwamba kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana kwa ukubwa. Waliona katika mabadiliko hayo kitu kinachogeuka polepole kuwa pesa ya kila siku. Msalaba huo ulikuja kuwa alama ya bendera na ya sarafu za Katanga.

Ujuzi huo wote ulitokana na jambo moja: wachimbaji waliandika kila msalaba ulikuwa katika kaburi gani, sehemu gani ya mwili, pamoja na vyungu gani. Msalaba ule ule ukichimbwa usiku na kijana aliyeahidiwa dola 20, unabaki kipande cha shaba. Hauwezi tena kusema chochote. Na kijana huyo anachimba kwa sababu muuzaji alimwambia kuna mtu anayeuliza.

Kwa hiyo mkusanyaji anayemwambia muuzaji, "Nitafutie misalaba ambayo haijaonekana," ametuma majembe kwenye makaburi, hata kama yeye mwenyewe yuko mbali na amevaa shati safi. Congo ina sheria juu ya hilo: amri ya sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni. Uko pia mkataba wa UNESCO wa mwaka wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali hizo. Lakini sheria haina askari kando ya kila ziwa. Mwenye kuuliza ndiye mlinzi wa kwanza.

Dawa yake ni swali la pili, ambalo linapaswa kufuata la kwanza kila mara: "Kimetoka wapi?" Muuzaji mwaminifu atajibu: nimenunua kwa familia fulani, kilikuwa katika mkusanyo wa zamani, hii hapa karatasi. Muuzaji anayecheka au kukasirika amejibu vilevile. Kwa sarafu ya mwaka wa 1943 iliyotoka katika kopo la babu, swali hilo linaongeza thamani kwa sababu linaleta hadithi. Kwa kitu kilichotoka ardhini, swali hilo linaweza kuwa sababu ya kuacha kununua. Na anayeacha aseme wazi kwa nini anaacha, ili muuzaji ajue kwamba shaba ya makaburi haina soko kwake.

Wengine watasema: kama Mcongomani hatanunua, mgeni atanunua, na msalaba utaondoka inchini. Ni hoja yenye uchungu, lakini haifai. Kila mnunuzi anayelipa, awe wa ndani au wa nje, anampa mchimbaji sababu ya kurudi kesho usiku. Kitu kinachoshukiwa kionyeshwe kwa watu wa makumbusho, kwa mfano Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambao wanaweza kujua kinatoka eneo gani.

Kwa nini jambo hili lisiachwe kwa matajiri

Kuna watakaouliza pia: inchi yenye vita na njaa ina haja gani na sarafu za zamani? Jibu liko katika bei yenyewe. Mkusanyo mdogo unaoanza na sentimu yenye tundu, kupitia franka ya tembo, hadi likuta, zaire na noti za mwaka wa 1998, unaweza kukusanywa polepole na mwalimu kwa pesa kidogo, kipande kimoja kimoja. Ukiwekwa mbele ya wanafunzi, unaonyesha nani alitawala, kwa lugha gani, kwa madini gani, na jinsi pesa ya inchi ilivyoanguka kutoka dola 2 hadi noti za mamilioni. Shule nyingi za Congo hazina maktaba. Daftari lenye sarafu 12 ni kitu ambacho shule inaweza kuwa nacho.

Makumbusho nayo yangefaidika. Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa yalifungua milango yake mwaka wa 2019 katika jengo jipya. Jengo halijai kwa vitu vinavyorudishwa kutoka Ubelgiji peke yake. Linaweza kujaa pia kwa vitu ambavyo raia wenyewe wameuliza, wamevipata, wameandika vilikotoka, na siku moja wamevitoa. Kipande chenye maandishi, hata yale ya kalamu kwenye karatasi ndogo inayosema kimepatikana kwa nani, mji gani na mwaka gani, kina maana kwa mtafiti. Kipande kisicho na maandishi kinaanza upya kila mara mwenye nacho anapokufa.

Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Kwa sarafu za Congo, kutouliza ndiko kunakogharimu: fundi anaendelea kuyeyusha, kisanduku cha Brussels kinabaki kimefungwa, na watoto wanajua makuta kama neno tu. Anayetaka mkusanyo ulio bora aende kwa muuzaji na maswali mawili. Aanze na lile la kile kisichokuwa mezani. Na pesa yake isitoke mfukoni mpaka lile la pili, la kilikotoka, lipate jibu.